Spencer Tracy, ‘Stanley’ wa Hollywood ambaye hakuwahi kuiona Ujiji

KWA wakazi wa Ujiji, Simbo na vijiji vingine vya Kigoma, habari za Henry Morton Stanley kukutana na Dk. David Livingstone mwaka 1871 ni sehemu ya masomo ya shule na kivutio cha watalii wanaofika kuona mnara na miembe yake. Lakini mamilioni ya watu duniani waliijua Ujiji kupitia sura ya mtu mwingine, ambaye hakuwahi kukanyaga ufuko wa Ziwa Tanganyika.

Mtu huyo ni Spencer Tracy, mmoja wa waigizaji wakubwa wa miongo ya kwanza ya filamu za sauti nchini Marekani. Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century Fox ilimwazima kutoka kwa wapinzani wao, MGM, ili aigize kama Stanley katika filamu ya Stanley and Livingstone iliyoongozwa na Henry King. Livingstone aliigizwa na Mwingereza Cedric Hardwicke.

Tracy alizaliwa Aprili 5, 1900 mjini Milwaukee, katika familia ya Kikatoliki, baba yake akiwa muuzaji wa magari ya mizigo. Mwaka 1918 alijiunga na Jeshi la Majini, lakini vita vilikwisha kabla hajasafiri baharini. Chuoni Ripon ndiko alikogundua kipaji cha kuigiza, na mwaka 1922 akaingia chuo cha maigizo jijini New York.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alizunguka na vikundi vidogo vya maigizo kwa ujira mdogo, na mwaka 1923 akamwoa mwigizaji mwenzake, Louise Treadwell. Mwaka uliofuata walimpata mtoto wao wa kwanza, John, na kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja mama yake akagundua kuwa hasikii kabisa. Louise aliacha jukwaa ili amfundishe mwanawe kuzungumza, na mwaka 1942 akaanzisha Los Angeles kituo cha kuwahudumia bila malipo watoto viziwi na wazazi wao. Tracy, ambaye ulevi ulimsumbua kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alikichangia kituo hicho fedha, na wengi waliomfahamu waliamini kuwa hakuacha kujilaumu kwa uziwi wa mwanawe, ingawa hakuwa na kosa lolote.

Mwaka 1930 mwongozaji John Ford alimwona jukwaani New York akiigiza kama mfungwa anayesubiri adhabu ya kifo, akampeleka Hollywood kucheza Up the River. Hiyo ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Tracy, na mmoja wa wenzake humo alikuwa kijana aitwaye Humphrey Bogart.

Umaarufu ulikuja alipohamia MGM mwaka 1935. Alitwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kwa Captains Courageous ya mwaka 1937, kisha tena kwa Boys Town ya mwaka 1938. Hakuna mwanamume aliyewahi kuitwaa mara mbili mfululizo kabla yake, na hakupatikana wa kumfikia hadi Tom Hanks katika miaka ya 1990. Siri yake ilikuwa utulivu. Wakati wengine wakirusha mikono na kupaza sauti, yeye alimsikiliza aliyesimama mbele yake, kisha akajibu kama mtu aliye sebuleni kwake.

Ni katika kilele hicho ndipo alipofanywa Stanley. Kikosi cha wapiga picha kikiongozwa na Otto Brower kilikuja Afrika Mashariki kupiga picha za misafara na wanyama, kwa ushauri wa mtengenezaji filamu mashuhuri Osa Johnson. Tracy alibaki California. Ujiji inayoonekana akiivua kofia yake mbele ya Livingstone ni ya Hollywood.

Si mandhari tu iliyobuniwa. Msafara wa kweli wa Stanley uliongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, mzoefu aliyekwisha kufika ziwani na Burton na Speke mwaka 1858, na aliyetoka mbio kumpokea Stanley Ujiji ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Katika filamu, nafasi ya msaidizi wa karibu alipewa Mmarekani wa kubuni, Jeff Slocum, aliyeigizwa na Walter Brennan. Filamu inamalizika Stanley akirejea Afrika kuendeleza kazi ya Livingstone, lakini Stanley wa kweli alikwenda Kongo mwaka 1879 kumfanyia kazi Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Watu wa ng’ambo ya pili ya ziwa hawahitaji kuelezwa kilichofuata.

Ziwa Tanganyika halikumwachia Tracy hapo. Tangu Woman of the Year ya mwaka 1942 alishirikiana katika filamu tisa na Katharine Hepburn, na wawili hao wakawa wapenzi bila yeye kumtaliki Louise. Mwaka 1951 Hepburn alikwenda Kongo na Uganda kupiga The African Queen, akiwa na Bogart, yule yule wa mwaka 1930. Hadithi hiyo ilichota kutoka vita vya Waingereza na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915 na 1916, ambavyo meli yake kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe, ikaibuliwa na Waingereza na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hiyo.

Tracy aliendelea kuigiza huku afya ikimwishia. Kazi yake ya mwisho ilikuwa Guess Who’s Coming to Dinner, akiwa baba wa Kizungu ambaye binti yake anataka kuolewa na daktari mweusi, Sidney Poitier. Kampuni za bima zilikataa kumkatia bima, hivyo Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer wakaweka rehani malipo yao ili kazi iendelee.

Alifariki dunia Juni 10, 1967, wiki chache baada ya kumaliza kupigwa picha. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa kati ya weupe na weusi. Hepburn alipata Oscar kwa filamu hiyo, lakini alisema hakuwahi kuitazama.