Mchungwa Juu, Mdanzi Chini

Kitendawili! Mchungwa peke yake mzima, mdanzi peke yake mzima. Ukibebesha mchungwa juu ya mdanzi, mti unakufa. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni São Paulo, kule Brazili.

Miaka ya 1930 wakulima wa huko walibebesha michungwa yao juu ya mashina ya mdanzi, na walikuwa na sababu nzuri: mdanzi huhimili maradhi ya kuoza shina karibu na ardhi. Kisha majani yakageuka manjano, yakanyauka, na mamilioni ya miti ikafa. Ugonjwa ukaitwa tristeza.

Tubandue gome tuone. Chini yake kuna mirija ya floemu, inayoteremsha sukari kutoka majanini hadi mizizini. Virusi vya tristeza huishi humo. Kila kimoja ni uzi. Ukipanga nyuzi 500 kwa urefu, unapata milimita 1 tu. Mchungwa huvivumilia, lakini pale ulipoungana na mdanzi, seli za floemu ya mdanzi hufa na njia huziba.

Hapa tulieni, wanangu, maana watu wengi hutazama majani tu. Majani bado yanatengeneza sukari, ila haishuki. Mizizi inakula akiba yake ya wanga mpaka inakwisha, vijizizi vinakufa kwa njaa, na mzizi uliokufa haufyonzi maji. Ndipo mti unanyauka kwa kiu, hata udongo ukiwa umelowa.

Nani aliyevibeba virusi? Mwaka 1946 mtafiti Meneghini alionyesha, hukohuko Brazili, kwamba ni kidukari wa michungwa. Huchoma mdomo wake ndani ya floemu kufyonza utomvu, kisha huhamia mti wa pili. Na binadamu naye alivisafirisha mbali zaidi, ndani ya vikonyo vya kubebeshea.

Mibalungi na midimu huweza kuumia kwa namna nyingine: ukibandua gome, mti wa ndani una vishimo vishimo.

Dawa ya kuuponya mti shambani haipo. Wakulima wakahamia shina la mlimau wa Rangpur, ambalo floemu yake haizibi hivyo. Kisha watafiti Müller na Costa wakafanya jambo ninalolipenda kuliko yote: walitafuta virusi vipole vya tristeza, wakaviingiza kwa makusudi katika michungwa ya aina ya Pera. Mti uliokwisha kuvipata vile vipole haukudhuriwa sana na vile vikali.