Ganzi ya Vidole kwa Wenye Baridi Yabisi

Bila shaka umewahi kukaa mkekani ukakunja mguu muda mrefu. Ukitaka kusimama, mguu umekufa ganzi. Halafu unachomachoma kama umekanyaga siafu. Ukitembea kidogo, basi, yanaisha. Ganzi ya namna hiyo haina neno.

Lakini iko ganzi nyingine, inayowapata watu wenye baridi yabisi. Ugonjwa huu huvimbisha viungo, hasa vya vidole na vifundo vya mikono. Asubuhi mtu huamka vidole vimekakamaa, kushika jembe ni taabu. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hugeuka wakaupiga mwili wenyewe.

Sasa ganzi inatoka wapi? Hebu geuza mkono wako, utazame kifundo upande wa kiganja. Ndani yake pana njia nyembamba. Chini na pembeni ni mifupa, juu ni ukanda mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole, pamoja na mshipa 1 wa fahamu. Utando wa kano ukivimba, mshipa unabanwa. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi. Kidole cha mwisho hakifi, maana mshipa wake unapita njia nyingine. Usiku ndipo inazidi. Mtu anaamka, anakung'uta mkono mpaka apate nafuu. Wengine husema eti amerogwa. Kumbe mshipa umebanwa!

Asipotibiwa, nyama iliyo chini ya kidole gumba hukonda. Mama anaangusha vikombe, hawezi kufunga kifungo cha nguo ya mtoto. Akifika hospitali amechelewa hivyo, hata upasuaji huenda usirudishe nguvu zote. Akiwahi, zipo dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe, na kibao cha kufungia kifundo usiku ili kisijikunje. Ikishindikana, daktari hukata ule ukanda mshipa upate nafasi.

Ziko dalili mbili zisizongoja kesho. Kwanza, mguu kulegea ghafula, vidole vikaburuta chini. Huenda mishipa midogo ya damu inayolisha mshipa wa fahamu imevimba. Pili, mtu aliyeugua miaka mingi akiinamisha shingo, anasikia kama umeme umepita mgongoni, au mikono na miguu inaishiwa nguvu. Huenda mifupa ya shingo imelegea. Huyo asikandwe shingo, wala asijitwike ndoo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tena, si kila ganzi inatokana na baridi yabisi. Ugonjwa wa kisukari huleta ganzi ya nyayo. Baka la ngozi lisilosikia mguso laweza kuwa ukoma, na ukoma unapona kwa dawa zinazotolewa bure.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari usiseme tu, "Mikono inaniuma." Mwambie ni vidole vipi, inaanza saa ngapi, na unatumia dawa gani, maana dawa nyingine nazo huleta ganzi. Na huku nyumbani, ipua sufuria kwa kitambaa kinene. Mkono wenye ganzi hausikii moto mpaka umekwisha kuungua.