Shimo Lisigeuke Mtungi: Jinsi ya Kuandaa Udongo wa Mfinyanzi kwa Miti ya Matunda

Kila msimu wa masika, baadhi ya wakulima wetu hupanda miche ya mipapai, miembe na michungwa, na kabla mvua haijakatika majani yamegeuka manjano na miche imekufa. Lawama huwaendea wadudu au aliyeuza miche. Mara nyingi chanzo kiko chini ya mti wenyewe: shimo lilichimbwa katika udongo mzito, likajaa maji kama mtungi, mizizi ikakosa hewa ikaoza. Mpapai ndio usiovumilia kabisa. Maji yakituama kwenye mizizi yake siku mbili au tatu, unaweza kufa.

Ukanda wa ufuo wa Diani una mchanga na mawe ya matumbawe, hivyo maji hupita upesi. Lakini ukishuka kwenye mabonde ya mito Ramisi na Umba, au ukielekea sehemu kadhaa za Kinango, utakutana na mfinyanzi: hunata kwenye jembe wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huu si mbaya. Huhifadhi maji na rutuba kuliko mchanga. Kasoro yake ni kwamba chembe zake ni ndogo mno na hubanana, zikaziba nafasi za hewa na maji.

Pima kwanza

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Lijaze maji, yaache yanywe, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakishuka chini ya sentimita 2 au 3 kwa saa, shamba lako halipitishi maji vizuri. Yakiwa bado yapo kesho yake, usipande mti ndani ya shimo hapo. Panda juu ya tuta.

Mambo ya kuepuka

Usichanganye mfinyanzi na mchanga kidogo ukitarajia utalainika. Ili mchanga ulete mabadiliko lazima ukaribie nusu ya udongo wote. Ukiwa kidogo, mchanganyiko hukauka ukawa mgumu kama tofali. Mchanga wa ufuoni ni hatari zaidi kwa sababu una chumvi.

Usitie kokoto chini ya shimo. Maji hayatapata njia ya kutoka. Yatajikusanya pale pale.

Usilime udongo ukiwa umelowa. Finyanga tonge mkononi, kisha libonyeze kwa kidole. Likivunjika, lima. Likibonyea na kunata, subiri siku chache.

Usimwage chokaa kabla ya kupima udongo. Penye mawe ya matumbawe huenda udongo tayari una chokaa nyingi.

Hatua za kufuata

1. Anza miezi miwili au mitatu kabla ya mvua. Kwa upandaji wa masika, fanya kazi hii kati ya Desemba na Februari.

2. Chimba mfereji upande wa juu wa shamba ili kuyakinga maji, na mwingine wa kuyatoa. Usiyaelekeze kwa jirani wala barabarani.

3. Mahali pa kila mti, tifua eneo la mita moja kwa mita moja, kina cha sentimita 30. Kwa mipapai, acha mita 3 kati ya mti na mti. Miembe huhitaji mita 8 hadi 10.

4. Changanya udongo wa juu na debe mbili hadi tatu za samadi iliyooza au mboji. Samadi mbichi huunguza mizizi. Wafugaji wa mbuzi na ng'ombe wana samadi nyingi mabomani, kwa hivyo ukiinunua mapema itapata muda wa kuoza.

5. Inua tuta la sentimita 30 hadi 45, kisha panda mche juu yake. Tuta litashuka kidogo baada ya mvua za kwanza.

6. Tandaza nyasi kavu, makuti ya zamani au makumbi yaliyokatwakatwa. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze.

Baada ya kupanda

Samadi ya mara moja haitoshi. Ongeza kila mwaka, kwa sababu ndiyo inayoshikanisha chembe za mfinyanzi ziwe punje zinazopitisha hewa. Katikati ya mistari panda mbaazi: mizizi yake huenda chini sana na kufungua udongo, huongeza naitrojeni, na familia inapata mboga. Usikanyage matuta wala kufunga mifugo juu yake.

Ukitaka kujua rutuba, chumvi na asidi ya udongo wako, chukua udongo sehemu kumi au zaidi za shamba, uchanganye katika ndoo safi, kisha utoe nusu kilo ya kupimwa. Afisa wa kilimo wa wadi yako atakuelekeza mahali pa kuupeleka.

Mkulima, kabla hujanunua mche hata mmoja, chimba lile shimo la majaribio ulitie maji. Jibu utalipata kufikia kesho asubuhi, na gharama yake ni ndoo chache tu za maji.