Kabla ya Septemba, Kabla ya Machi

Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, haina uhaba wa vikundi. Kina mama wana vyama vya kuweka na kukopeshana, wakulima hukutana kwenye kituo cha kununulia majani chai, bodaboda wana viongozi wao stejini, na kila kijiji kina watu wanaojua nani achange nini msiba unapotokea. Zamani kulikuwa na risaga, majirani kulimiana kwa zamu. Nguvu ya kukusanyika ipo tele. Kinachopungua ni kuifikisha mahali fedha za umma zinapogawanywa, tena kabla hazijagawanywa.

Njia tuliyoizoea ni ya matangani. Mwakilishi wadi anapewa kipaza sauti, mzee anamkumbusha barabara inayokatika kila masika, kiongozi anaahidi na waombolezaji wanaitikia. Ahadi ile haiandikwi popote. Njia nyingine ni ujumbe wa kikundi kwenda ofisini kwake na kurudi na hema na viti vya plastiki. Hii naiona mbaya zaidi, kwa sababu kikundi kilichopokea hema kimeshalipwa. Kikirudi kuuliza mbona zahanati haina dawa, kitaulizwa kama kimesahau fadhila.

Ipo njia ya tatu, na imo ndani ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hupeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Humo ndimo miradi inamotajwa. Kufikia 28 Februari hufuata waraka wa mkakati wa fedha, unaowekea kila idara kikomo: afya wapate kiasi hiki, barabara kiasi hiki, kilimo kiasi hiki. Makadirio ya bajeti yenyewe hufika bungeni kabla ya Aprili kwisha.

Wananchi wengi huamka Mei, wanaposikia tangazo la mkutano wa bajeti. Wakati huo vikomo vimeshawekwa na orodha imeshachapishwa. Anayesimama Mei kuomba daraja anaomba fedha zitolewe kwenye mradi wa kijiji kingine, na kijiji hicho nacho kina mwakilishi wake bungeni. Aliyeandika barua Julai hana vita hivyo; yeye anaomba nafasi kwenye orodha ambayo bado ni nyeupe. Kama kikundi chenu kina nguvu ya kufuatilia mambo mawili tu kwa mwaka, basi kifuatilie hayo: mpango wa Septemba na mkakati wa Februari.

Kuunda kikundi chenyewe si kazi kubwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu kumi, na usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Vyama vingi vya kina mama vimeshasajiliwa tayari, na sioni haja ya kuanzisha kingine. Chama kinachojua kudai deni kwa upole na bila kuchoka kinajua karibu kila kitu kinachohitajika ili kumfuatilia mwakilishi wadi.

Chukua mfano wa Keroka. Mji huo umekaa mpakani, na tangu ugatuzi uanze 2013, Kisii na Nyamira zimezozana kuhusu nani akusanye ushuru wake. Mfanyabiashara mmoja mmoja akilalamika, kila upande unaweza kumwelekeza ng'ambo. Wafanyabiashara wakiungana wana milango mitatu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, kwa hiyo maombi mawili yenye maneno yaleyale yanaweza kufika Kisii na Nyamira wiki moja. Mlango wa tatu ni Seneti, kwani Ibara ya 119 ya Katiba inaruhusu ombi kwa Bunge la Kenya, ambalo Seneti ni sehemu yake, na kazi ya Seneti ni kulinda kaunti na serikali zake. Ibara ya 189 nayo inazitaka serikali zinazozozana zifanye kila juhudi zipatane. Mtu mmoja hawezi kubeba barua hizo tatu na kuzifuata kila moja. Watu kumi waliogawana kazi wanaweza.

Ombi lina taratibu zake. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, liseme wazi mnataka bunge lifanye nini, lieleze kama mmeshajaribu kwa idara husika na mkajibiwa nini, na kama jambo hilo liko mahakamani. Majina na saini ziwepo. Lipelekwe kwa karani wa bunge, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo msiudharau. Bila huo, mtakaporudi baada ya miezi mitatu mtaambiwa barua haijafika.

Lakini barua bila ushahidi haina uzito, na katika hili pwani imetutangulia. Mwaka 2007, shirika la haki za binadamu la MUHURI la Mombasa liliwafundisha wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya mfuko wa maendeleo ya eneo bunge lao. Walitafuta nyaraka, wakaenda kwenye miradi yenyewe kulinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa, kisha wakaweka matokeo mbele ya mkutano wa hadhara. Waliojifunza kazi hiyo hawakuwa wahasibu. Jambo lililowasumbua zaidi lilikuwa kupata karatasi, maana wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya habari. Sasa ipo: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Kikundi cha Bobasi au Borabu kinaweza kuomba mkataba na makadirio ya gharama ya zahanati iliyosimama kwenye linta, kisha kwenda kuhesabu mabati.

Mtu atauliza kwa nini mwanasiasa ajali. Gusii haipigi kura kwa wimbi la chama kimoja. Mwaka 2022 Kisii ilimchagua gavana wa ODM na jirani yake Nyamira ikamchagua wa UPA, chama ambacho Wakenya wengi walikuwa hawajakisikia. Kiti cha wadi kwetu hutegemea sifa ya mtu kijijini kuliko rangi ya karatasi yake, na kikundi kinachoheshimiwa ndicho kinachoijenga au kuibomoa sifa hiyo. Kwa sababu hiyohiyo kisikubali kumwidhinisha mgombea yeyote mwaka 2027. Kikishavaa fulana ya mmoja, mpinzani wake akishinda atazitupa barua zenu zote, na huyo mmoja akishinda atawaona kama wapiga debe wake.

Anzeni na msimamizi wa wadi. Mwulizeni mpango wa maendeleo wa mwaka huu umetaja nini kwa wadi yenu, mwombeni nakala, na asipokuwa nayo ombi la maandishi liende kaunti siku hiyohiyo, tarehe iandikwe kwenye daftari la kikundi karibu na hesabu za mikopo, na mtu mmoja atajwe kwa jina alifuatilie siku ya 21 itakapofika.