Vepu ya Bei Rahisi: Mama Aulize Nini?

Uwe Umoja, Kayole, Dandora, Buruburu au Makadara, sogea karibu na redio. Kama uko jikoni, endelea kupika huku ukisikiliza.

Leo tunazungumza kuhusu sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wetu wanaiita vepu. Siku hizi kijana anayetaka kuijaribu humuuliza mwenzake, "Nianze na ipi, na ipi ni bei rahisi?" Muuzaji ana jibu tayari. Ni vizuri mama naye awe na jibu lake.

Kwanza, vepu ni kitu gani? Ndani yake mna vitu vitatu: betri, waya mdogo uliozungukwa na pamba, na kimiminika. Mtu akivuta, betri hupasha ule waya moto, kimiminika kilicho kwenye pamba hugeuka kuwa ukungu, na ukungu huo huingia mapafuni. Hakuna kiberiti, hakuna majivu, na harufu yake si ya sigara. Chumba kinaweza kunukia embe au peremende, na mzazi asishuku lolote. Vepu nyingine hufanana na kalamu nene, nyingine na ile flashi ya kompyuta.

Kimiminika chenyewe kimechanganywa gliserini, kemikali nyingine, ladha, na mara nyingi nikotini. Nikotini ni ile ile iliyo kwenye tumbaku, ndiyo inayomfunga mvutaji asiweze kuacha. Kifaa cha namna hii kilibuniwa mwaka wa 2003 na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, naye alikusudia kiwe badala ya sigara kwa mtu mzima anayevuta. Ladha za matunda na rangi za kupendeza zimekifikisha mikononi mwa watoto ambao hawajawahi kushika sigara.

Sasa tuangalie hiyo bei rahisi. Vepu ziko za aina mbili kubwa. Kuna ya kutumia na kutupa, ambayo huja ikiwa imejazwa tayari. Hii ndiyo anayoonyeshwa anayeanza, kwa sababu bei yake ya kwanza ni ndogo. Kuna pia ya kujaza, ambayo ni ghali siku ya kwanza, kisha mtu hununua chupa za kimiminika na kubadilisha waya unapoungua.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kijana ananunua ya kutupa kwa shilingi 1,500, nayo inamwishia kwa wiki moja. Wiki nne ni shilingi 6,000. Mwaka mzima wenye wiki 52 ni shilingi 78,000. Mama, hiyo ni karo. Hiyo ni kodi ya nyumba. Na kwa kuwa nikotini humfanya mtu atake zaidi, ile ya wiki moja huanza kuisha kwa siku tano, halafu siku tatu. Kijana asiye na kazi atatoa wapi pesa hizo? Hapo ndipo nauli ya shule inapopotea, na chenji iliyokuwa juu ya kabati haionekani.

Jambo la pili ni nambari iliyoandikwa kwenye pakiti. Ukiona miligramu 20 kwa mililita, hiyo ni sawa na asilimia 2. Ukiona asilimia 5, hiyo ni miligramu 50 kwa kila mililita. Vepu yenye mililita 2 za namna hiyo ina miligramu 100 za nikotini ndani yake. Sigara moja ya kawaida humwingizia mvutaji mwilini kama miligramu 1 hadi 2 tu. Ni kweli kwamba si nikotini yote ya vepu huingia mwilini, lakini unaona jinsi kitu kidogo kama kidole kinavyobeba mzigo mkubwa. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita kuanzia mwaka wa 2016. Na usitulie ukisoma "haina nikotini". Vepu zilizopimwa katika maabara za nchi nyingine zimewahi kupatikana na nikotini ingawa pakiti ilisema hazina.

Basi, je, kijana aanze na ipi? Jibu la mama ni moja: kwa mtu asiyevuta sigara, hakuna vepu ya kuanzia. Ubongo wa binadamu huendelea kukua hadi karibu miaka 25, na nikotini huuvuruga katika kumakinika na masomo, na huufundisha uraibu mapema. Mama mjamzito pia ajiepushe nayo, kwa maana nikotini humfikia mtoto tumboni. Hupita pia katika maziwa ya mama anayenyonyesha.

Lakini huenda nyumbani mna mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, naye anasema, "Nataka nihamie vepu, nipunguze madhara." Tusimcheke. Ukungu wa vepu una sumu chache kuliko moshi wa sigara, na huko Uingereza madaktari huwasaidia wavutaji kuacha sigara kwa njia hiyo. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake limeonya kuhusu vepu, na mwezi Desemba 2023 lilizitaka nchi zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto. Anayevuta sigara asubuhi na vepu jioni hajapunguza hatari kama anavyodhani. Mwambie aanzie kwa daktari na kuulizia dawa za kusaidia kuacha, kama vile bandiko la ngozini na ubani wa nikotini. Dawa za namna hii zilitiwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2009. Ushauri kuhusu uraibu unapatikana bila malipo kwa kupiga simu ya NACADA, nambari 1192.

Tuje sasa kwa watoto wadogo, na hapa naomba usikilize sana. Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja au viwili. Kilicho mezani kiko mbele ya mtoto. Kimiminika cha vepu kina harufu tamu, na kiasi kidogo tu kikimezwa kinaweza kumuua mtoto mdogo. Dalili ni kutapika, kutokwa na mate mengi, jasho, kubadilika rangi, moyo kwenda mbio, kutetemeka, kulegea na kupata kifafa.

Ikitokea, fanya hivi. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta, ingawa majirani watakushauri hivyo. Kama kimemwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Kisha mkimbize hospitali iliyo karibu, kama Mama Lucy Kibaki, ukibeba ile chupa au pakiti ili daktari aone nambari. Usingoje dalili zote zionekane.

Betri nayo ni hatari. Ichajiwe kwa chaja yake, isiachwe kwenye umeme usiku kucha juu ya godoro. Vepu iliyokwisha isitupwe kwenye jiko wala kwenye takataka zinazochomwa kando ya ploti, maana betri yake hulipuka.

Jihadhari pia na vimiminika vinavyouzwa bila lebo. Mwaka wa 2019 ugonjwa mkali wa mapafu uliwapata watu huko Marekani. Kufikia Februari 2020 zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki, na 68 kati yao walikufa. Wengi walikuwa wamevuta vepu zenye mafuta ya bangi yaliyochanganywa kemikali ya vitamini E. Wengi wao walikuwa wamenunua kwa marafiki au kwa wauzaji wa mitaani.

Na sheria je? Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2015. Hapa Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 bidhaa za tumbaku, lakini ilitungwa wakati vepu hazijaenea. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza uko nyumbani.

Ukiipata vepu kwenye mkoba wa mwanao, usianze na kiboko wala kelele za kuwaita majirani. Keti naye. Muulize ameivuta tangu lini, anaipata wapi, na akiikosa siku moja anajisikiaje. Akisema anakosa usingizi, anakasirika au hawezi kusoma, jua kwamba nikotini imeshamshika. Huyo anahitaji kutibiwa na kuongozwa, na aibu haitamsaidia. Mfanyieni naye hesabu ile ya shilingi 78,000. Vijana wengi hawajawahi kuipiga.

Tukumbuke basi mambo manne. Bei ya kwanza si bei ya mwisho. Soma nambari ya nikotini. Weka kimiminika mbali na watoto, kwenye kufuli. Na anayetaka kuacha, apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Mweleze na jirani ambaye hana redio. Hadi tutakapokutana tena, kwaherini, na Mungu awalinde watoto wetu.