Sanamu ya Kaure Kabatini: Tazama Kitako Kabla ya Kutaja Bei

Chepilat ni kituo cha biashara kilichoko mpakani mwa Sotik na Borabu, katika nchi ya chai na maziwa. Mkulima wa huko hadanganyiki kwa urahisi juu ya ng'ombe. Hutazama meno, kiwele na miguu kabla ya kutaja fedha. Lakini mtu huyo huyo, akijiwa na mnunuzi wa vitu vya kale na kuulizwa habari za sanamu ndogo iliyokaa kabatini tangu zamani za baba yake, huenda akaitoa kwa bei ya debe la mahindi. Sababu yake ni moja tu: hajui mahali pa kutazama.

Si ajabu sanamu kama hizo kuonekana pande hizo. Mwaka 1962 ulianzishwa mpango wa kununua ekari milioni moja za mashamba ya Wazungu, na mashamba ya mpaka huo yakagawiwa wakulima, Wakipsigis upande wa Sotik na Wagusii upande wa Borabu. Ahamaye mbali hachukui kila kitu. Vyombo vingine huuzwa, na vingine hupewa mpishi au mtunza bustani.

KAURE ISIYONG'AA

Kaure si kitu kigeni katika Afrika ya Mashariki. Huko pwani bakuli za kaure kutoka Uchina zilijengewa katika makaburi ya kale, na vipande vingi vilifukuliwa Gede katika kazi aliyoianza James Kirkman mwaka 1948. Kaure hiyo hung'aa kwa sababu imepakwa maji ya kioo na kuchomwa. Iko nyingine isiyopakwa kioo, na hiyo ndiyo iliyotumika sana kwa sanamu za watoto, wachungaji na mabibi.

Wazungu walichelewa kuijua siri ya kaure. Kiwanda cha Meissen, katika Ujerumani, kilianzishwa mwaka 1710. Katika miaka ya 1750 kiwanda cha Wafaransa, kilichohamia Sèvres mwaka 1756, kilianza kuziacha sanamu zake bila kioo ili zifanane na marumaru. Waliiita kaure hiyo biskuti. Karne iliyofuata viwanda vya Thuringia, Ujerumani, vilizitengeneza kwa wingi na kuzipeleka nchi nyingi.

NAMNA YA KUITAMBUA

Kwa jirani wa Wagusii kipimo kiko karibu. Sanamu ya jiwe la Tabaka imechongwa. Ni nzito, haina uwazi ndani, na ukucha huweza kuikwaruza. Sanamu ya kaure haikuchongwa. Mara nyingi udongo mwororo kama uji humiminwa katika kalibu, na kwa hiyo sanamu huwa na uwazi ndani, na chini au nyuma yake huwa na tundu dogo la kutolea hewa motoni. Ukucha hauiwezi. Ukiipapasa, ni kavu kama ganda la yai. Ukiigonga polepole, hulia kwa sauti kali. Ile ya plastiki hupata joto upesi mkononi na sauti yake ni butu. Ile ya plasta ikimeguka hutoa unga mweupe.

Isioshwe kwa sabuni. Rangi iliyochomwa motoni haitoki, lakini sanamu nyingine zilipakwa rangi bila kuchomwa tena, na kitambaa kibichi kinaweza kuifuta thamani yote kwa dakika moja. Brashi laini na kavu yatosha.

CHAPA NA TARAKIMU

Kisha igeuzwe, itazamwe kitako. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tarakimu kama 1758 zilizogandamizwa katika udongo kwa kawaida ni namba ya kalibu, wala si mwaka. Jina la nchi ndilo shahidi bora. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Basi sanamu yenye neno Germany yaelekea ni ya baada ya wakati huo. Neno Nippon lilitumika mpaka mwaka 1921, kisha likawa Japan. Yenye maneno Occupied Japan ni ya miaka ya baada ya vita, mpaka 1952. Panga mbili za buluu zilizopishana ni chapa ya Meissen, lakini zimeigwa mno, kwa hiyo hazitoshi peke yake.

THAMANI YAKE

Bei hutokana na kiwanda, umri, ustadi wa uso na vidole, ukubwa, na uzima wa kitu. Ufa au kidole kilichovunjika hupunguza bei sana, na jozi kamili hupita sanamu mbili zisizolingana. Nyingi zilitengenezwa kwa wingi, na bei yake si kubwa. Uzee pekee si utajiri. Mwenye kutaka kujua atazame bei zilizolipwa mnadani, si bei wanazotaka wauzaji, naye awaulize wathamini wawili kabla ya kuuza.

Jambo la mwisho ni sheria. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 ni cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Sanamu nyingi za walowezi zililetwa baadaye, lakini vipande vya kaure vya pwani vyaweza kuwa ndani ya sheria hiyo.

Mnunuzi mwenye haraka ataambiwa arudi wiki ijayo. Ikiwa nia yake ni njema, atarudi. Na ikiwa harudi, sanamu bado iko kabatini.