Kasha la alumini si dawa ya joto la kompyuta

Anayejiundia kompyuta nyumbani kule Wusi, Kaunti ya Taita Taveta, huenda akashawishiwa kununua kasha la alumini kwa madai kwamba hupunguza joto. Ni kweli alumini hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya chuma, na uzito wake ni takriban thuluthi moja. Hata hivyo, kwa kawaida prosesa haigusani na kasha. Joto lake huondolewa na hewa inayosukumwa na feni. Kasha la chuma lenye matundu mbele hupoza vyema kuliko la alumini lililozibwa.

Milimani kuna ubaridi, lakini atakayeihamishia mashine yake Voi, penye joto na vumbi jekundu, atahitaji kichujio kinachotoka na kuoshwa kuliko bati linalong'aa. Alumini nyembamba, isitoshe, hubonyea upesi.